Kihisi cha breki ya mkono ya behewa: tathmini baada ya miezi minne ya kazi kando ya Ziwa Victoria

Kwa miezi minne sasa, mabehewa manne ya kampuni ninayoifanyia kazi hapa Mwanza yamekuwa yakitembea na vifaa vya kielektroniki vyenye jukumu moja tu, nalo ni kumjulisha mkaguzi kama breki ya mkono imeachia kweli kabla behewa halijavutwa. Kazi yangu ni ukaguzi wa mabehewa, na niliombwa nivisimamie vifaa hivyo, nivijaribu kwa kadiri ya uwezo wangu, kisha nitoe kauli kama vinastahili kununuliwa. Naiandika kauli hiyo kwa kirefu kwa ajili ya wenzangu wanaomiliki au kutunza mabehewa, kwa sababu nilichojifunza ni kwamba vifaa viwili vinavyouzwa kwa maneno yaleyale vinaweza kuwa vinajibu maswali mawili tofauti kabisa. Muuzaji simtaji, kwa kuwa matoleo aliyotukopesha yalikuwa ya majaribio na bado anayarekebisha. Bei nayo siiandiki, maana aliyotupa ilitegemea idadi na ingempotosha mtu anayetaka seti moja au mbili.

Nianze na sababu iliyotufanya tuvitafute. Kiangazi kilichopita, behewa letu moja lililojaa mbegu za pamba liliunganishwa kwenye treni ya mizigo likiwa na breki ya mkono ambayo kila mtu aliamini imeachiwa. Mkono wa breki ulikuwa juu, mahali pake pa kuachia, na kijana aliyeuinua alisema kweli alipoulizwa. Lakini mnyororo unaopita kwenye kapi chini ya fremu ulikuwa umeganda kwa kutu na vumbi, kwa hiyo mkono ulirudi peke yake, ilhali boriti ya breki, ile inayobeba bloki za kusugulia gurudumu, haikusogea na bloki zilibaki zimelikumbatia gurudumu. Treni ilipita stesheni ya Fela, na ilipokaribia Mantare harufu ya chuma kilichoungua ilikwishamfikia kila aliyekuwa nyuma. Tulipolifikia behewa hilo, uso wa magurudumu ya ekseli moja ulikuwa na rangi ya samawati. Mtu wa karakana akiiona rangi hiyo hahitaji kuambiwa zaidi, kwa sababu chuma cha pua cha kawaida hugeuka samawati kinapofika kwenye joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, na hiyo ni rangi ya juu tu. Alama hiyo haisemi kilichotokea ndani ya ukingo wa gurudumu.

Watu wengi hudhani kwamba breki iliyosahaulika ni hasara ya bloki tu. Ingekuwa hivyo tusingehangaika. Chukua breki inayoburura kwa nguvu ya kilonewtoni 5, ambayo ni sawa na uzito wa takriban nusu tani, kisha ulivute behewa hilo kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kila sekunde. Joto linalozalishwa pale bloki inapogusana na gurudumu ni kilowati 50, sawa na majiko ishirini na matano ya umeme ya kilowati mbili yakiwaka kwa pamoja juu ya ekseli moja, tena kwa muda wote wa safari. Ukingo wa gurudumu hutanuka kwa joto hilo huku sehemu ya katikati ikiwa bado ya baridi, na unapokuja kupoa, mikazo iliyowekwa kiwandani ili kulinda ukingo usipasuke huweza kugeuka na kuwa mikazo inayouvuta upasuke. Juu ya hayo kuna cheche, na kiangazi majani makavu yaliyo kando ya reli kuelekea Shinyanga hayahitaji cheche nyingi.

Hali hubadilika behewa likiwa tupu, na hapa ndipo wenzangu wengi wanapokosea katika ukaguzi. Behewa lililojaa hulikandamiza gurudumu kwenye reli, kwa hiyo gurudumu huendelea kuzunguka huku likipambana na bloki, na matokeo yake ni joto. Behewa tupu ni jepesi. Breki ya mkono iliyokazwa vizuri huweza kulifunga gurudumu lake lisizunguke kabisa, hasa masika na vuli ambapo reli imelowa na msuguano umeshuka, na gurudumu likateleza kama kigae. Sehemu inayosuguliwa hulika ikawa bapa. Joto la pale pale huweza kupita nyuzi 720, kiwango ambacho muundo wa ndani wa chuma hubadilika, na kinapopoa ghafla kwa kunyonywa na chuma baridi kilichokizunguka, hugeuka kuwa kigumu na chepesi kuvunjika, kikaanza kumeguka vipande. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 85 lenye bapa moja huigonga reli zaidi ya mara sita kila sekunde treni ikiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kila pigo hupokewa na beringi, na reli, na viungo vya reli. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na mtu anayejua jinsi njia hiyo ilivyohangaikiwa kwa miaka yote hiyo hapendi kuipiga nyundo bila sababu.

Kwa hiyo breki ileile, kosa lilelile, huonekana kwa alama mbili tofauti: kwenye behewa lililojaa mtafute joto, kwenye behewa tupu mtafute gurudumu lisilozunguka. Kipimajoto cha mionzi ya infraredi kitakiona cha kwanza na hakitakiona vizuri cha pili katika mita mia za mwanzo. Alama ya chaki kwenye gurudumu itakionyesha cha pili papo hapo, na kuhusu cha kwanza haitasema lolote.

Sasa nivieleze vifaa vyenyewe. Muuzaji alituletea matoleo mawili, na tulifunga kila toleo kwenye mabehewa mawili. Toleo la kwanza ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye mhimili wa mkono wa breki, au wa gurudumu la kuzungusha kwa mabehewa ya namna hiyo, na kazi yake ni kupima pembe. Mkono ukiwa juu kinasema breki imeachia, ukiwa chini kinasema imefungwa. Kinafungwa kwa dakika ishirini, hakihitaji kutoboa chochote, na taa yake ya kijani ni kubwa na ya kupendeza. Toleo la pili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kipima mkazo kinachobanwa kwenye fimbo inayoivuta breki, baada ya mnyororo na kapi, nacho husoma ni nguvu kiasi gani inayovuta fimbo hiyo. Ya pili ni kihisi kinachotumia sumaku, kimoja kwenye boriti ya breki na mwenziwe kwenye fremu ya bogi, yaani kigari cha chini kinachobeba magurudumu, nacho hupima boriti imerudi nyuma umbali gani. Kulifunga toleo hili kulituchukua karibu siku nzima kwa behewa moja, na waya wake unahitaji kulindwa kwa bomba la chuma, la sivyo kokoto inayorushwa kutoka chini itaukata.

Jaribio lililoamua mambo lilikuwa rahisi, na namshauri kila mnunuzi alifanye mbele ya muuzaji kabla ya kutia saini. Tulifunga breki ya mkono mpaka mwisho, kisha tukashindilia kabari ya mti mgumu kwenye kapi ili mnyororo usiweze kurudi, tukauinua mkono kama mtu anayeachia breki. Tuliiga hali ileile iliyotutia hasara kiangazi. Toleo la kwanza liliwasha taa ya kijani. Bloki zilikuwa zimebana kiasi kwamba mtaimbo haukuweza kupenya kati yake na gurudumu, na taa iliendelea kuwa ya kijani. Toleo la pili liliwasha taa ya manjano na kuonyesha kwenye kompyuta ya mkononi kwamba fimbo bado ina mkazo na boriti haijarudi.

Mzee mmoja wa yadi yetu, ambaye amepanga mabehewa tangu enzi ambazo mimi nilikuwa shule ya msingi, aliitazama ile taa ya kijani kwa muda kisha akaniambia, "Mwanangu, hicho kinaangalia mkono wa mtu. Hakiangalii breki." Sikupata namna bora ya kulisema jambo hilo, na mhandisi wa muuzaji, ambaye alikuwapo, kwa heshima yake hakubisha. Toleo la kwanza linajibu swali la kama mtu ametekeleza wajibu wake. Mkaguzi anauliza kama bloki imeachana na gurudumu, na kati ya maswali hayo mawili kuna mnyororo, kapi, pini, nyenzo na vining'inizo, na kila kimoja kinaweza kuganda peke yake.

Toleo la pili nalo lisisifiwe kupita kiasi. Wiki ya tatu lilianza kutupigia kelele ya uongo kila asubuhi kwenye behewa moja ambalo nililikagua mara mbili kwa mtaimbo na kulikuta huru kabisa. Sababu ilikuwa kwamba tulibadilisha bloki zilizokwisha tukaweka mpya. Bloki mpya ni nene, hivyo boriti haina haja ya kurudi nyuma umbali uleule ili gurudumu liwe huru, lakini kihisi kilikuwa kimefundishwa kwa bloki zilizolika. Baada ya kila badiliko la bloki, au fundi akigusa kirekebisha ulegevu wa breki, ni lazima kihisi kifundishwe upya mahali pa kuachia na mahali pa kufunga. Maelekezo ya muuzaji yaliitaja kazi hiyo kwa sentensi moja, katika ukurasa ambao hakuna fundi angeufikia. Tumelibandika agizo hilo kwenye ukuta wa karakana kwa maandishi makubwa.

Jambo jingine ni bloki inayogusa gurudumu bila kulibana. Katika bogi nyingi za mizigo bloki huning'inia kwa uzito wake, na behewa likisimama kwenye mteremko mdogo bloki huweza kuegemea gurudumu kwa wepesi kama mtu anayeegemea ukuta. Gurudumu likianza kuzunguka huisukuma pembeni na hakuna madhara. Kihisi cha boriti peke yake kingeliita hilo kosa, na kipima mkazo peke yake kingekosa hali ya kinyume, pale ambapo mnyororo umelegea kabisa lakini pini za nyenzo zimeganda na bloki zikabaki zimebana. Nguvu ya toleo la pili iko katika kuvisoma vyote viwili kwa pamoja: mkazo hakuna na boriti imerudi, behewa huru; mkazo upo, breki bado imeshika hata kama boriti imesogea kidogo; mkazo hakuna lakini boriti haijarudi, mtu ashuke akatazame. Taa ya manjano ina maana ya kwamba mtu ashuke akatazame, na ni vizuri isichukuliwe kuwa na maana nyingine.

Lipo jambo ambalo hakuna toleo lililolitatua, nalo ni breki za upepo. Boriti moja husukumwa na breki mbili, ya mkono na ya upepo, na kihisi cha boriti hakiwezi kujua ni ipi inayoisukuma. Behewa lililokatwa kwenye treni bila kutolewa upepo kwenye silinda huonekana limefungwa hata kama breki ya mkono ni huru. Kibaya zaidi ni hali ya pili. Breki ya mkono ikikazwa wakati breki za upepo zimeshika kikamilifu, fimbo hupokea nguvu ya silinda, na baadaye upepo ukitoka, nguvu hiyo hubaki imefungiwa kwenye mnyororo; mpangaji wa mabehewa akija kuiachia huikuta ngumu kuliko alivyoikaza mwenzake. Utaratibu tuliouweka ni kwamba kifaa hakisomwi mpaka bomba la breki lijazwe upepo hadi presha ya bar 5, maana kujaa kwa bomba ndiko kunakoutoa upepo kwenye silinda, na breki za upepo ziachie, ndipo breki ya mkono iachiwe, na baada ya hapo tu ndipo taa ina maana. Muuzaji ameahidi kuongeza kipima presha kwenye silinda ya breki ili kifaa chenyewe kikatae kutoa jibu wakati upepo unashikilia bloki. Nitaamini nitakapokiona.

Kuchanganya breki hizi mbili si suala la nadharia. Ajali ya Lac-Mégantic nchini Kanada, iliyoua watu 47 tarehe 6 Julai 2013, ilihusu treni ya matangi 72 ya mafuta iliyoachwa juu ya mteremko ikiwa na breki za mkono saba tu zilizofungwa. Kabla ya kuondoka, dereva alijaribu kama breki hizo zinatosha kwa kuisukuma na kuivuta treni, lakini alifanya hivyo huku breki za upepo za vichwa vya treni zikiwa bado zimeshika, kwa hiyo alichokipima hakikuwa breki za mkono peke yake. Baadaye injini iliyokuwa ikizalisha upepo ilizimwa baada ya kuwaka moto, upepo ukavuja taratibu, na treni ikaanza kuteremka. Kule hatari ilikuwa breki ambayo haikufungwa vya kutosha, na huku kwetu tunazungumzia breki ambayo haikuachia, lakini kosa la kipimo ni lilelile: breki moja ilijibu kwa niaba ya nyingine.

Ndiyo maana nilifurahi kugundua kwamba kipima mkazo kinafaa pia kwa kazi ya pili. Behewa likiegeshwa, kinaonyesha mkazo wa fimbo kwa namba, si kwa taa tu, na mtu anaweza kuona kama breki iliyofungwa jioni bado imeshika asubuhi. Kwa sisi wa ziwani hili lina uzito wake. Meli ya MV Umoja hubeba mabehewa kati ya Mwanza Kusini na Port Bell nchini Uganda, na behewa lililo juu ya sitaha halina ruhusa ya kusogea hata hatua moja. Likifika ng'ambo, lazima liachie kikamilifu kabla ya kuvutwa nchi kavu, na wanaolifungua si wale waliolifunga. Kifaa kinachosema ukweli pande zote mbili, wakati wa kufunga na wakati wa kuachia, kinawasaidia watu ambao hawaonani na pengine hawatumii lugha moja.

Nikitaja lugha, nitaje kasoro iliyonikera kuliko zote. Kompyuta ya mkononi iliyokuja na vifaa hivi iliandika kila kitu kwa Kiingereza, tena kwa vifupisho. Neno la kuachia na neno la kufunga yalianza kwa herufi zinazofanana na kuandikwa kwa maandishi madogo ya kijivu, na wapangaji wetu wawili wa zamu ya usiku walikuwa wakitegemea rangi peke yake. Mmoja wao hazitofautishi vizuri rangi nyekundu na kijani, jambo ambalo si la ajabu kwa wanaume. Tuliomba maneno "IMEACHIA" na "IMESHIKA" yaandikwe kwa herufi kubwa, na taa ya hatari iwe ya kuwaka na kuzima ili itofautike hata bila rangi. La kwanza lilirekebishwa ndani ya wiki mbili na ninalisifu. La pili bado.

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro nyingine ambayo kwangu ilitosha kulikataa hata bila jaribio la kabari. Mawasiliano ya redio yakikatika, kwa mfano behewa likisimama nyuma ya jingine lililojaa chuma, kompyuta iliendelea kuonyesha jibu la mwisho ililopokea. Siku moja niliona kijani kwenye kioo kwa zaidi ya nusu saa ilhali betri ya kifaa ilikwishatolewa na fundi mezani. Kifaa cha usalama kikinyamaza, ukimya wake lazima uhesabiwe kuwa breki imeshika, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Toleo la pili hufanya hivyo baada ya sekunde thelathini bila taarifa mpya: kioo hufuta jibu na kuandika kwamba hakuna taarifa.

Kuhusu mazingira yetu, nitasema kwa ufupi. Masanduku yalivumilia mvua bila shida. Unyevu wa ziwa uliota kutu kwenye skrubu ambazo hazikuwa za chuma kisichoshika kutu, na tumezibadilisha wenyewe. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaokuja kwa mawingu na kufunika taa zote za mwambao, walijazana juu ya taa za vifaa usiku mpaka rangi ikafifia, kwa hiyo kitambaa cha kufutia kimekuwa sehemu ya zana. Saa sita mchana taa hazionekani vizuri upande unaopigwa na jua. Vumbi la bloki, ambalo ni chuma kitupu pale bloki zinapokuwa za chuma cha kalibu, hukusanyika kwenye sumaku ya kihisi cha boriti na kuota ndevu. Katika miezi minne halijabadilisha kipimo, lakini tunalifuta kila ukaguzi kwa kuwa siamini litaendelea kuwa na adabu.

Nimeulizwa kama kipimajoto cha kando ya reli hakiwezi kufanya kazi hii kwa gharama ndogo zaidi, kwa kuwa kimoja hukagua kila treni inayopita. Kinafanya kazi nyingine. Kinaona gurudumu lililokwisha kupata moto, na ili gurudumu lipate moto lazima behewa liwe limebururwa kilomita kadhaa. Kwa behewa tupu lililofungwa magurudumu, bapa hutokea kabla ya kufika kwenye kipimo. Ni kinga nzuri ya pili kwa mwenye njia. Mwenye behewa anahitaji kujua akiwa bado yadini.

Swali jingine lilitoka kwa vijana wanaoitazama reli ya kisasa inayojengwa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, wakidhani kwamba treni za umeme zitaliondoa tatizo hili. Treni za mchongoko, yaani zile za umeme zisizovutwa na kichwa, na vichwa vya umeme kwa kawaida hutumia breki ya kuegesha ya springi: springi yenye nguvu huikandamiza breki, na upepo ndio unaoirudisha nyuma springi hiyo. Dereva huachia kwa kubonyeza kitufe, na swichi ya presha humwambia kwamba upepo umefika. Ukiangalia vizuri utaona kwamba ni swali la mzee wetu lilelile. Swichi inasema upepo umeingia kwenye bomba. Haisemi kwamba springi imerudi na bloki au pedi imeachana na gurudumu au diski. Kinyume chake pia hutokea. Fundi akiiachia breki kwa mkono, kwa kuvuta waya wa dharura ili treni iliyokosa upepo iweze kuvutwa, swichi itaendelea kusema breki imeshika ilhali ni huru, na treni hiyo ikiachwa kwenye mteremko haina kinachoishikilia. Mnunuzi wa vifaa vya treni hizo naye aulize kihisi kimewekwa wapi, kwenye bomba la upepo au kwenye breki yenyewe.

Kauli yangu kwa kampuni ni hii. Toleo la kwanza tumelirudisha, na sitalipendekeza kwa mtu yeyote hata kwa bei ya chini, kwa sababu kabla ya kulipata watu wetu walikuwa wakishuka na kuangalia bloki, na baada ya kulipata nilianza kuwaona wakiangalia taa. Toleo la pili linastahili kununuliwa kwa masharti matatu: kipima presha cha silinda kiongezwe, taa ya hatari iwake na kuzima, na fundi wa karakana apewe uwezo wa kukifundisha kihisi upya bila kumsubiri mtu kutoka Dar es Salaam. Tumeagiza seti sita. Zitafungwa kwanza kwenye mabehewa ya breki ya mnyororo yanayorudi matupu kutoka safari za ziwani, kwa kuwa ndiyo yaliyotuharibia magurudumu mengi zaidi, na yatakayobaki yatasubiri matokeo ya masika.

Kwa mabehewa hayo mengine utaratibu wa zamani unaendelea kama ulivyokuwa. Mkaguzi anapitisha mtaimbo kwenye kila bloki pande zote mbili, anachora mstari wa chaki kwenye kila gurudumu, dereva anavuta polepole kwa urefu wa behewa moja, na watu wawili, mmoja kila upande, wanahesabu mistari inayozunguka. Ukipungua mstari mmoja, treni inasimama.